Utando

Wifi Mbeleje, ingia, usisimame mlangoni,
upepo wa Mundemu unajaza vumbi hadi kwenye chumvi.
Mlaze hapa, karibu na taa ya sola.
Nionyeshe ulimi.

Ndiyo.
Ni uleule.
Mweupe kama maziwa yaliyogoma kumezwa,
ukiufuta umebaki, ukiukwangua unatoa damu.
Acha kuukwangua.

Mimi nilikwangua, kwa ncha ya khanga na chumvi,
mwaka ule wa Nyemo,
kwa sababu wewe uliniambia nikwangue.
Ulipoona hautoki ukasimama uani
ukasema kwa sauti ya kufika kisimani:
huyu mtoto amebemendwa.

Sikujibu. Titi la kushoto lilikuwa linawaka,
sindano zikitoka kwenye chuchu kwenda mgongoni
hata mtoto akishaachia, hata nusu saa baadaye,
nami nauma upindo wa shuka
ili kaka yako asiamke
akaniuliza swali lako.

Alfajiri nilimfunga Nyemo mgongoni nikaenda zahanati.
Nesi Sechelela alitazama kinywa chake,
akasema, na wewe fungua kifua.
Akauliza juu ya vidonge nilivyomeza baada ya kushonwa.
Hakuuliza nimelala na nani.
Akasema: fangasi.
Neno dogo, kama chawa.
Nililia palepale kwenye benchi, kwa udogo wake.

Basi sikiliza, nikueleze kama nilivyoelezwa.
Usimwachishe. Maziwa yako hayajaoza.
Mtatibiwa wote wawili, siku zilezile,
yeye matone, wewe dawa ya kupaka,
la sivyo mtarudishiana ugonjwa
kama majirani wanavyorudishiana sahani.
Matone baada ya kunyonya, si kabla,
yafike ndani ya mashavu, yasiishie kidevuni.
Na siku ya nne, ulimi ukiwa mwekundu kama wa mbuzi,
usigawe chupa. Malizia siku zote atakazoandika nesi.
Asali usimtie, hata ikiwa ya Itigi,
hata mama akiapa.

Maji, najua.
Ndoo ikipanda bei nilikuwa nachagua
kati ya mikono yangu na sufuria ya mlenda.
Nawa mikono. Sufuria italoweka.
Vitambaa vya kifuani vikilowa vitoe,
vichemshe, na usivianike uvunguni kwa aibu,
vitundike kwenye kamba mbele ya watu wote.
Jua hili linalotuunguzia uwele kila mwaka
lina deni na nyumba hii.
Liache lilipe.

Nini tena? Kinachoingia kinywani mwake, kichemshwe.
Kifua kipigwe na hewa kidogo kabla ya kukifunika,
hapa tupo wanawake.
Na ukimpa, subiri afunue kinywa chote,
hivi, usimpe ncha tu,
ncha ndiyo inayochanika.

Unatetemeka.
Uma upindo wa shuka, upo hapo, ndio uleule,
meno yangu yameacha alama.
Kesho nitakusindikiza, tutafika kabla foleni haijapinda kona.
Mumeo akianza maneno yake
mwambie aje aniulize mimi, nipo,
nitamweleza taratibu, na kwa sauti ya kufika kisimani.

Mimi sitakuuliza umelala na nani.
Uliyelala naye namwona, huyu hapa,
ana wiki sita,
na ana njaa.